Kuifundisha Simu Kumjua Mwenye Simu

Orodha yenyewe ni fupi. Programu ya Android ikitaka kujua mwenye simu anafanya nini, mfumo wa Google huchagua jibu katika majina machache: yumo garini, yuko juu ya baiskeli, anakwenda kwa miguu, anatembea, anakimbia, ametulia, simu imeinamishwa, au haijulikani. Kila jibu huja na alama kati ya 0 na 100 ya kuonesha mashine ina hakika kiasi gani. Orodha ya Apple kwa iPhone ni fupi zaidi: ametulia, anatembea, anakimbia, yumo garini, yuko juu ya baiskeli, haijulikani. Aliyewahi kusimama hata dakika tano kando ya barabara ya Mwanza, Kisumu au Kampala atauliza papo hapo: pikipiki iko wapi? Haimo. Abiria wa bodaboda itabidi atiwe kwenye gari, au kwenye baiskeli, au aachwe huko kusikojulikana.

Pengo hilo si la bahati mbaya, wala si dogo. Kwa zaidi ya miaka 30 wataalamu wamekuwa wakivifundisha vifaa kutambua hali ya mtumiaji kutokana na vihisi: yuko wapi, yuko katika mwendo gani, ana shughuli gani, asumbuliwe au asisumbuliwe. Vihisi vimekuwa vidogo na rahisi, na hesabu zimeendelea sana. Kilichobaki kigumu ni kile kilichodhaniwa chepesi, yaani kuamua majina ya hali, kumpata mtu wa kuyabandika juu ya data, na kujua majina hayo yametoka katika maisha ya nani. Vifaa hivi mara nyingi huhisi vizuri tu. Vinapokosea, aghalabu ni kwa sababu vilisomeshwa maisha ya watu wengine.

Wazo hili ni la zamani kuliko simu janja. Mwishoni mwa miaka ya 1980, katika maabara ya Olivetti mjini Cambridge, Uingereza, Roy Want, Andy Hopper na wenzao walitengeneza beji ya kuvaa kifuani iliyotoa ishara ya infraredi kila baada ya sekunde 15 hivi. Vipokezi vilivyofungwa vyumbani viliinasa, na mpokea simu wa ofisi akajua kila mtu yuko chumba gani na simu yake ihamishiwe wapi. Mwaka 1991 Mark Weiser wa Xerox PARC, California, aliandika katika jarida la Scientific American kuhusu kompyuta zitakazojificha ndani ya vitu vya kila siku. Mwaka 1994 Bill Schilit na wenzake wakalipa jina eneo hili la utafiti, na mwaka 2001 Anind Dey akatoa fasili inayonukuliwa hadi leo: hali ya mtumiaji ni taarifa yoyote inayoweza kueleza mtu, mahali au kitu kinachohusika pale mtu na programu wanaposhughulika. Fasili hiyo ni pana kiasi kwamba hakuna kinachobaki nje yake. Wahandisi walifanya walichokiweza: wakachukua kipande kinachopimika kwa urahisi, yaani mtikisiko wa mwili, wakakifanya ndicho kiini cha kazi.

Tukitazame kipande hicho kwa karibu. Ndani ya simu kuna kihisi cha mchapuko, kinachopima jinsi mwendo unavyobadilika. Ni kipande cha silikoni chenye kijiuzito kinachoning'inia kwenye springi ndogo zisizoonekana kwa macho. Kijiuzito kikisogea, chaji ya umeme kati ya vibamba vyake hubadilika, na badiliko hilo hugeuzwa kuwa namba. Namba ni tatu kwa kila kipimo, moja kwa kila upande: kushoto na kulia, juu na chini, mbele na nyuma. Simu iliyolala mezani haisomi sifuri. Inasoma takriban 9.8 kwenye upande mmoja, kwa sababu kihisi kinaihisi kani ya uvutano wa dunia muda wote. Hii ni neema, maana kwa kuangalia uvutano umeangukia upande gani mashine hujua simu imesimama, imelala au imepinduka. Simu ikiponyoka mkononi, namba zote hukaribia sifuri kabla haijagonga sakafu.

Namba moja moja hazina maana. Kwa hiyo mkondo wa vipimo hukatwa vipande vya muda, ambavyo wataalamu huviita madirisha. Katika mojawapo ya seti maarufu za data za mafunzo, iliyoandaliwa na Davide Anguita, Jorge Reyes-Ortiz na wenzao, watu 30 wenye umri wa miaka 19 hadi 48 walifungwa simu ya Samsung Galaxy S II kiunoni, wakaambiwa watembee, wapande ngazi, washuke ngazi, wakae, wasimame na walale. Vipimo vilichukuliwa mara 50 kwa sekunde. Kila dirisha lilikuwa la sekunde 2.56, sawa na vipimo 128, na nusu ya kila dirisha iliingia katika dirisha lililofuata. Uvutano ulichujwa ukatengwa na mtikisiko wa mwili. Kisha kila dirisha likafupishwa kuwa sifa 561: wastani, mtawanyiko, nguvu ya kila masafa, uhusiano wa upande mmoja na mwingine, na kadhalika. Mtu mzima akitembea hupiga takriban hatua mbili kwa sekunde, hivyo dirisha la mtembeaji hubeba mdundo unaojirudia. Anayekimbia mdundo wake ni wa haraka na wenye nguvu zaidi. Aliyelala, uvutano umehamia upande mwingine kabisa. Mashine hupewa maelfu ya madirisha pamoja na majina yake, na hutafuta yenyewe mpaka kati ya jina moja na jingine.

Sasa angalia inapokwama. Katika seti hiyo, makosa mengi ni ya kuchanganya kukaa na kusimama. Ukiwa umekaa wima na ukiwa umesimama, kiuno chako kimeelekea juu vilevile na kimetulia vilevile. Namba hazina tofauti ya kutosha, hata uje na hesabu gani. Ihamishe simu hiyohiyo mfuko wa mbele wa suruali na tatizo hupungua sana, kwa sababu paja hulala mtu akikaa. Hapo kuna somo ambalo vitabu vingi hulipita mbio: mengi katika taaluma hii yanategemea kifaa kimewekwa wapi mwilini.

Na watu huweka wapi simu? Watafiti wa Chuo Kikuu cha Fordham, New York, waliokusanya seti ya WISDM kutoka kwa watu 29, waliiweka mfuko wa mbele wa suruali. Ni chaguo la busara kwa mwanafunzi wa New York aliyevaa jinzi. Mama muuza samaki wa soko la Feri, Dar es Salaam, anaifunga kwenye pindo la khanga, au anaitia kifuani. Mvuvi anaifunga ndani ya mfuko wa nailoni na kuiacha ndani ya ndoo. Mwingine ameiacha kwenye kibanda cha kuchajia tangu asubuhi, na mashine inatangaza kwa hakika ya alama 100 kwamba mwenye simu ametulia. Katika kaya ambako simu moja inatumiwa na watu watatu, hata kusema mtumiaji ni nani tayari ni kubahatisha.

Vifaa vyenyewe navyo havifanani. Mwaka 2015 Allan Stisen na wenzake walichapisha utafiti uliolinganisha simu na saa janja za aina mbalimbali wakaonesha kwamba vihisi vya kampuni tofauti husoma tofauti hata vikiwa katika hali moja, na kwamba simu iliyoelemewa na kazi nyingi huruka vipimo au huvichelewesha. Mashine iliyofundishwa kwenye aina moja ilidorora ikipelekwa kwenye nyingine. Simu nyingi za bei nafuu hazina jairoskopu (kihisi cha mzunguko) wala kipimahewa (kihisi cha kanieneo ya hewa). Kwa hiyo programu iliyotegemea vihisi vinne hujikuta na kimoja, na haimwambii mtu.

Nirudi kwenye majina, kwa sababu humo ndimo siasa ya jambo zima imejificha. Mwaka 2004 Ling Bao na Stephen Intille wa MIT walichapisha kazi ambayo bado inatajwa karibu kila mahali. Watu 20 walivaa vihisi vitano, nyongani, kwenye kifundo cha mkono, mkono wa juu, kifundo cha mguu na paja, wakafanya shughuli 20 na kujiandikia wenyewe muda wa kuanza na kumaliza. Mashine ilitambua kwa usahihi wa takriban asilimia 84, na ikabainika kwamba vihisi viwili tu, cha paja na cha mkono, vinatosha kwa kushuka kidogo. Ni kazi safi, tena ya ukweli zaidi kuliko nyingi zilizofuata, maana washiriki hawakusimamiwa na mtafiti kila hatua. Lakini isome orodha ya shughuli: kupiga sakafu mashine ya kufyonza vumbi, kukunja nguo, kupanda lifti, kupanda ngazi za umeme, kutazama televisheni, kufanya kazi kwenye kompyuta, kupiga mswaki, kunyoosha viungo. Bila kuambiwa utajua ni maisha ya mjini, katika nchi ya baridi, ndani ya nyumba yenye umeme. Kutwanga hakumo. Kuteka maji hakumo, wala kupalilia, wala kufua kwa mikono. Simlaumu Bao wala Intille. Waliandika kilichokuwa mbele yao. Tatizo huanza pale orodha ya jirani mmoja inapogeuzwa kipimo cha ulimwengu.

Kuna ugumu mwingine wa majina ambao hata huko MIT ungewasumbua. Nani atashuhudia kwamba saa nne na dakika kumi mtu huyu alikuwa anapika? Ukimfungia maabara, unapata majina sahihi na mwendo wa bandia, maana hakuna anayetembea kama kawaida yake akitazamwa na mtu mwenye daftari. Ukimwachia ajiandikie, anasahau, anachoka, anadanganya kidogo. Watafiti wa Oxford walichagua njia ya tatu katika seti yao iitwayo CAPTURE-24: watu 151 walivaa kihisi mkononi kwa takriban siku nzima, na mchana wakavaa pia kamera ndogo iliyopiga picha yenyewe mara kwa mara. Baadaye watu walikaa wakazipitia picha na kubandika majina, zaidi ya 200. Ni kazi ya kuchosha macho, na ni ya gharama. Lakini matokeo yake ni data ya siku za kweli: mtu anakunywa chai huku amesimama, anatembea huku akizungumza na simu, anaanza kufagia na kuacha. San Diego, Yonatan Vaizman na wenzake walikusanya kwa watu 60 zaidi ya dakika 300,000 zenye majina, na wao waliruhusu majina mengi kwa wakati mmoja: amekaa, yuko nyumbani, anakula, yuko na marafiki. Hilo naliona ni kubwa kuliko wingi wa data. Maisha hayaji jina moja moja.

Mtu akisoma ripoti za usahihi wa asilimia 95 na kuendelea atauliza, mbona simu yangu inakosea kila siku? Jibu mojawapo ni namna mtihani unavyotungwa. Kumbuka kwamba madirisha mawili yanayofuatana huchangia nusu ya vipimo. Mtafiti akiyachanganya yote na kuyagawa kwa bahati nasibu, baadhi ya mafunzo na baadhi ya mtihani, dirisha la mtihani linakuwa na pacha wake darasani. Mashine inafaulu kama mwanafunzi aliyeoneshwa karatasi usiku wa kuamkia mtihani. Nils Hammerla na Thomas Plötz waliliandika wazi mwaka 2015, na bado kazi za namna hiyo zinatoka. Mtihani wa haki ni kumtenga mtu mzima: mashine ifundishwe kwa watu wengine, kisha ipimwe kwa mtu ambaye haijawahi kumwona. Alama hushuka, na hizo zilizoshuka ndizo za kweli kwa anayeinunua simu dukani. Mtihani wa haki zaidi, kuutenga mji mzima au nchi nzima, haufanywi mara nyingi.

Tuseme basi orodha imerekebishwa na pikipiki imeingizwa. Kazi haijaisha, na sababu moja ni ya kifizikia. Injini inayozunguka mara 3,000 kwa dakika hutikisa mara 50 kwa sekunde, na dereva akikaza mwendo mtikisiko hupanda zaidi. Kihisi kinachopima mara 50 kwa sekunde hakiwezi kuona sawasawa mtikisiko unaopita mara 25. Unaozidi hapo hupotea au huonekana kwa sura ya uongo. Kasi ya kupima iliyochaguliwa kwa miguu ya binadamu inaikosa alama iliyo wazi kuliko zote ya bodaboda, yaani mngurumo wa injini ya silinda moja chini ya kiti. Ukiongeza kasi ya kupima hadi mara 200 unaipata, lakini betri inalipia. Na palipo na foleni ya kuchaji simu, kuila betri ni kosa kubwa kuliko kukosea jina.

Sababu ya pili haitatuliki kwa kihisi chochote cha mchapuko. Dereva na abiria wamekalia kiti kimoja, wanatikiswa na injini moja, wanaruka tuta moja. Mwaka 2017 Apple ilipoleta katika iOS 11 utaratibu wa kunyamazisha ujumbe mtu akiwa anaendesha gari, iliweka pia kitufe cha kusema kwamba siye dereva, kwa kuwa simu ilijua gari linakwenda bila kujua nani ameshika usukani. Huo ni uungwana: mashine inajua mpaka wake na inauliza. Lakini hebu fikiria utaratibu huo kwa dereva wa bodaboda ambaye wateja wake wote humpigia. Kumnyamazishia simu kwa saa kumi ni kumfungia duka. Kutompigia kengele akiwa katikati ya magari ni kumwokoa. Utambuzi unaweza kuwa sahihi kabisa, na hatua inayofuata ikawa na madhara, kwa sababu kujua mtu yuko juu ya pikipiki si kujua pikipiki ile kwake ni safari au ni ofisi.

Makosa ya aina hii hupata uzito zaidi pale tukio linalotafutwa ni la nadra. Mwaka 2022 iPhone 14 ilitoka na uwezo wa kutambua ajali ya gari na kupiga simu ya dharura yenyewe, kwa kihisi kinachoweza kupima hadi mara 256 ya uvutano wa dunia. Muda si mrefu simu zikaanza kuwapigia polisi kutoka kwenye treni za kupinduka angani katika bustani ya burudani ya Kings Island, Ohio, na vituo vya dharura vya milimani Colorado vikapokea simu za watu waliokuwa wakiteleza kwenye theluji wakiwa wazima. Hesabu yake si ngumu. Chukua kifaa kinachokosea mara moja tu katika saa 1,000,000 za kuvaliwa. Kifaa kizuri sana. Wape watu 1,000,000, na utapata kengele ya uongo kila saa, usiku na mchana, huku ajali za kweli zikiwa chache. Anayepokea kengele hizo ni binadamu aliye zamu, na gari la kwenda kuangalia ni lilelile moja.

Faragha nayo inataka kusemwa kwa namna tofauti na ilivyozoeleka. Watu wengi huogopa kamera na maikrofoni, wakaviona vihisi vya mwendo kama visivyo na dhambi. Mwaka 2011 watafiti wa Georgia Tech walionesha kwamba simu iliyowekwa mezani karibu na kibodi ya kompyuta inaweza kukisia maneno yanayochapwa kwa mtikisiko wa meza. Mwaka 2014 Yan Michalevsky na Dan Boneh wa Stanford, pamoja na Gabi Nakibly, wakaonesha jairoskopu inaweza kunasa sehemu ya mazungumzo. Januari 2018 ramani ya mazoezi ya programu ya Strava, iliyochapishwa miezi michache kabla, iligundulika kuwa inachora mipaka ya kambi za kijeshi, kwa nyayo za askari waliokuwa wakikimbia asubuhi. Tangu Android 10 ya mwaka 2019, programu inayotaka kuambiwa kwamba unatembea lazima ikuombe ruhusa. Lakini programu inayosoma namba zenyewe za mchapuko haiombi chochote, isipokuwa ikitaka kupima zaidi ya mara 200 kwa sekunde, kikomo kilichowekwa mwaka 2021. Mlango umefungwa kwa jibu, umeachwa wazi kwa malighafi ya jibu hilohilo.

Chukua mfano ulio karibu nasi. Swala ina mfuatano ambao mashine ingeupenda: kusimama, kurukuu, kusujudu, kukaa, tena kwa mpangilio usiobadilika na kwa nyakati zinazojulikana. Saa ya mkononi ingeweza kufundishwa kuihesabu bila shida, na simu ingejinyamazisha yenyewe msikitini. Kuna wengi wangeifurahia. Lakini programu yenye uwezo huo imeshatengeneza, bila kumuuliza mtu, orodha ya nani ni Mwislamu, nani anaswali swala zote na nani ameacha. Sheria ya Kenya ya kulinda data ya mwaka 2019 na ile ya Tanzania ya mwaka 2022 zote zinahesabu imani na afya kuwa taarifa nyeti. Sheria hizo ziliandikwa huku mawazo yakiwa kwenye fomu zinazojazwa. Hapa hakuna aliyejaza fomu. Imani imekisiwa kutokana na goti lililopiga sakafu. Njia ya kiufundi ipo, na ni kuufanya utambuzi wote ndani ya kifaa chenyewe, data isitoke. Kampuni kubwa zimeanza kwenda huko, lakini hiari ni yao.

Baada ya kasoro hizo zote, kuna kazi moja ya Afrika Mashariki ambayo naihesabu kuwa miongoni mwa zilizofikiriwa vizuri kuliko nyingi, na haimhusu mtu hata kidogo kwa jina. Katika eneo la Kyuso, kaunti ya Kitui, Kenya, kikundi cha Chuo Kikuu cha Oxford, wakiwemo Patrick Thomson na Rob Hope, kilichomeka kihisi cha mchapuko ndani ya mpini wa pampu za mkono za visima. Mpini ukipanda na kushuka, kihisi kinauona uinamo wake; kifaa kinakadiria maji yaliyotoka na kutuma taarifa kwa mtandao wa simu za kawaida. Pampu ikinyamaza bila sababu, fundi anajua. Muda wa pampu kukaa mbovu ulishuka kutoka wastani wa takriban siku 27 hadi chini ya siku 3. Swali lilikuwa dogo, je, pampu inafanya kazi, na palikuwa na fundi mwenye pikipiki na vipuri upande wa pili wa jibu.

Kisha, huko Kwale, pwani, wakaenda mbele. Waligundua kwamba mitikisiko midogo ya mpini, ile ambayo mwanzoni ilitupwa kama kelele, hubadilika kulingana na kina cha maji chini ya ardhi. Wakapima kina cha visima kwa njia ya kawaida, wakavitumia vipimo hivyo kama majina ya kufundishia, na mashine ikajifunza kukadiria kina kwa kusikiliza mpini tu. Angalia majina yalitoka wapi: hayakuletwa na orodha ya mtu wa mbali. Yalipatikana kisimani, kwa kamba na kipimo, kwenye pampu hizohizo zilizokusudiwa kutumika. Akina mama waliokuwa wakisukuma mpini kujaza ndoo zao walikuwa wanapima maji ya ardhini ya eneo lao, na hakuna hata mmoja aliyehitaji kutambulika.

Kwa upande wa simu za watu, India ilitutangulia kidogo. Mwaka 2008 watafiti wa Microsoft waliokuwa Bangalore walitengeneza mfumo wa Nericell uliotumia simu kutambua mashimo, breki za ghafla na hata honi, kwa hoja kwamba barabara zao si kama za Marekani. Simu ingeweza kukaa vyovyote, mfukoni au kwenye mkoba. Mfumo ulitumia uvutano kujua chini ni wapi, kisha breki kujua mbele ni wapi, ukazigeuza namba zote zikae sawa. Mbinu hiyo ingeihudumia vizuri simu iliyofungwa pindoni.

Siku hizi pia si lazima kuanza sifuri. Uingereza, takriban watu 100,000 wa mradi wa UK Biobank walivaa vihisi mkononi kwa siku saba, na watafiti wa Oxford wakaifundisha mitandao ya neva kwa siku 700,000 za data hiyo isiyo na majina, ijue kwanza mwendo wa mwili kwa ujumla. Mashine ya namna hiyo huhitaji majina machache zaidi ikipelekwa kwenye kazi mpya. Waliovaa walikuwa Waingereza wa makamo na wazee, hilo lisisahaulike. Hata hivyo darasa la vyuo vyetu lenye saa za bei ya chini, kamera za kuning'iniza shingoni na watu wa kujitolea wanaojua wanachokubali lingeweza kujenga juu yake.

Gharama kubwa itakuwa ya saa za wabandika majina, na ugumu utakuwa wa kukubaliana kabla ya kuanza. Kusukuma mkokoteni ni kutembea? Hatua zipo na mdundo upo, lakini mikono imeshika na mwili umelemewa, na programu ya afya itamhesabia msukumaji nguvu ya mtu anayetalii ufukweni. Aliyebeba ndoo ya lita 20 kichwani anatembea kwa kiwiliwili kilichotulia kiasi kwamba kihisi cha kiuno kinaweza kumwona mvivu. Kondakta wa daladala yumo garini, amesimama, nusu ya mwili iko nje ya mlango, anashuka na kupanda kila kituo, na yuko kazini. Orodha ya jina moja kwa dirisha moja itampa nini? Mbandika majina wa Dar es Salaam na wa Nairobi hawatajibu sawa, na tofauti zao zitaingia ndani ya mashine kama zilivyoingia za MIT. Kwa hiyo mwongozo wa majina uchapishwe pamoja na data, ukiwa na sahihi za walioutunga na mahali walipoutungia, ili atakayeuchukua kuupeleka Goma au Muscat ajue anachukua maisha ya nani.